MASWALI YA BUNGENI NA KALAMU YA KARANI
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Mbeya na Iringa



Mmetuomba tuseme machache juu ya maswali ambayo Wabunge huwauliza Mawaziri. Jambo hili si geni masikioni mwenu. Bunge likutanapo Dodoma, saa tatu ya asubuhi dua husomwa, hati huwekwa mezani, kisha Katibu huita maswali. Nanyi, wengine mkiwa ofisini na wengine njiani katika basi, husikia katika redio sauti ya Mbunge, na baada yake sauti ya Waziri au Naibu wake akiomba ruhusa ya Spika apate kujibu. Aghalabu watu husikiliza maneno hayo kama watazamao mpira: huyu kapiga, yule kadaka, basi wakacheka na kurudi kazini. Sisi twataka kuonyesha leo kwamba katika shauri hili watumishi wa Serikali si watazamaji. Jibu lile asomalo Waziri halikuzaliwa kinywani mwake. Limezaliwa katika jalada, na jalada limeandikwa na mtu, na mtu huyo mara nyingi ni mmoja wa sisi tulioketi katika chumba hiki.

Na tuanze mbali kidogo, ili tujue tulikotoka.

Desturi ya mtunga sheria kumwuliza mtawala si ya jana. Katika Bunge la Uingereza, swali la kwanza lililohifadhiwa katika kumbukumbu liliulizwa mwaka 1721, katika Baraza la Malodi. Kwetu Tanganyika, Baraza la Kutunga Sheria liliundwa mwaka 1926, zamani za Gavana Sir Donald Cameron, wala hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Mwafrika alikuwa akiulizwa kodi, lakini yeye hakuwa na mahali pa kuuliza kodi ile yaenda wapi.

Hata hivyo, karani Mwafrika alipata kusimama mbele ya watunga sheria kabla Mwafrika yeyote hajaketi katika Baraza letu. Mwaka 1925 Lord Delamere wa Kenya aliwakusanya wajumbe wa walowezi mjini Tukuyu, katika nchi yetu hii ya nyanda za juu, wakazungumza juu ya kuziunganisha nchi za Waingereza za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Shauri la kuunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika likaendelea hata likafika mbele ya Kamati ya Bunge la Uingereza. Ndipo mwaka 1931 watu watatu wakatoka Tanganyika kwenda London kutoa ushahidi: Mtemi Makwaia wa Shinyanga, Bwana Francis Lwamgira wa Bukoba, na Bwana Martin Kayamba, karani mkuu katika utumishi wa Serikali, ambaye mwaka 1922 huko Tanga alianzisha chama cha watumishi wa Serikali Waafrika. Wazee hao waliulizwa, wakajibu, wakaeleza sababu za watu wao kuukataa muungano ule. Mwisho wake Kamati haikuukubali. Twawakumbuka kwa sababu moja. Hawakuwa na kura, wala jeshi, wala gazeti kubwa. Walikuwa na habari za nchi yao walizozijua barabara, nao wakazisema kwa adabu mbele ya watu wenye madaraka ya kuuliza.

Mwaka 1945 Waafrika wa kwanza wawili wakaingia katika Baraza la Kutunga Sheria: Chifu Abdiel Shangali wa Uchagga, na Chifu Kidaha Makwaia, mwana wa Makwaia yule aliyekwenda London. Baadaye, kabla ya uhuru, Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe naye akaingia. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, ambao mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, nchi hii ya Nyanda za Juu za Kusini ilimtoa Bwana John Mwakangale, na kwa upande wa Wazungu Lady Chesham wa Iringa. Mwaka 1962 Chifu Adam Sapi alipewa kiti cha Spika, akawa Mwafrika wa kwanza kukikalia, naye akakaa mpaka mwaka 1994, ila kwa muda wa miaka miwili tangu 1973 hata 1975. Mama Anne Makinda wa Njombe, ambayo wakati alipochaguliwa ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa, alikuwa Spika tangu 2010 hata 2015. Dakta Tulia Ackson, Mbunge wa Mbeya Mjini, alikuwa Spika tangu 2022 hata 2025. Basi kiti kile kiamuacho nani aulize na nani ajibu kimekwisha kaliwa na watu watatu wa nyanda hizi. Hatusemi hayo kwa kujisifu. Twasema kwa kuwa nchi iliyotoa wasimamizi wa maswali haifai ijulikane kwa majibu mabovu.

Sasa na tutazame sheria yenyewe. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 63, yasema kwamba Bunge ndilo lenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Kisha yahesabu kazi za Bunge moja moja. Ya kwanza katika hesabu hiyo ni kumwuliza Waziri yeyote swali lolote juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Angalieni mpangilio huo, mabwana. Kuuliza kumetajwa kabla ya kuijadili bajeti, na kabla ya kutunga sheria. Maana yake ni wazi: asiyejua hali ilivyo hawezi kugawa fedha kwa haki, wala kutunga sheria ifaayo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nasi twaweza kuongeza kwamba Bunge lisilouliza ni nyumba iliyofungwa madirisha.

Tena ibara ya 53 yasema kwamba Mawaziri, chini ya uongozi wa Waziri Mkuu, wawajibika kwa pamoja mbele ya Bunge. Na ibara ya 100 yampa Mbunge uhuru wa kusema, hata maneno yake ya Bungeni hayawezi kuhojiwa mahakamani. Wanachama, tukumbuke vema kwamba karani hakupewa ngao hiyo. Ngao ya karani ni ukweli wa maandishi yake, na nakala aliyoihifadhi masijala.

Sasa swali husafiri vipi? Mbunge huliandika na kulipeleka kwa Katibu wa Bunge. Katibu hulipeleka katika Wizara ihusikayo. Wizara, ikiwa haina habari, humwandikia Katibu Tawala wa Mkoa; naye humwandikia Mkurugenzi wa Halmashauri; Mkurugenzi humwita mkuu wa idara; na mkuu wa idara humgeukia afisa au karani wake na kusema, hebu niandikie maelezo, yatakiwa kesho. Hapo ndipo swali la taifa linapotua juu ya meza ndogo yenye mguu mmoja uliotegemezwa kwa karatasi iliyokunjwa. Kisha jibu hupanda ngazi ile ile. Kila mkono waliongeza adabu na kulipunguza ukali, hata likifika Dodoma limekuwa laini kama uji wa mgonjwa.

Lakini hapo si mwisho. Mbunge akisha kujibiwa, ana haki ya kuuliza maswali ya nyongeza, nayo hayapelekwi mapema kwa maandishi. Yeye ametoka kijijini juzi. Amekiona kisima kwa macho yake. Waziri ana karatasi tu. Ikiwa karatasi ile yasema kisima chatoa maji, na Mbunge amekiona kimekauka, Waziri ataaibika mbele ya taifa zima, na maneno yale yataandikwa katika Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, ambayo wajukuu wetu watakuja kuisoma. Tena Kanuni za Bunge zinakataza kabisa kusema uongo Bungeni. Waziri aliyesoma uongo alioandikiwa ameingizwa katika kosa na watu wake mwenyewe. Na tena kila siku ya Alhamisi, katika mikutano ya Bunge, Waziri Mkuu huulizwa maswali papo kwa papo, bila kupewa karatasi ya swali kabla. Siku hiyo hana msaada ila yale aliyokwisha kuelezwa kwa ukweli tangu zamani.

Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, tuchukue shauri moja ambalo lagusa Mbeya na Iringa pamoja: maji ya Usangu.

Mto Ruaha Mkuu hukusanya maji yake katika milima ya Uporoto na Kipengere, ukashuka katika uwanda wa Usangu, wilaya ya Mbarali, katika Mkoa wa Mbeya. Hupita katika bwawa la majani la Ihefu, ukaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ukafika Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, kisha ukaendelea mpaka Kidatu. Mitambo ya Mtera ina nguvu ya megawati 80, na ya Kidatu megawati 204. Basi maji hayo hayo ni mpunga wa mkulima wa Mbarali, ni kinywaji cha ng'ombe wa mfugaji, ni uhai wa viboko na tembo wa hifadhi, na ni taa ya umeme katika nyumba ya mtu wa Dar es Salaam asiyepata kuiona Usangu maisha yake yote. Tangu mwaka 1993 mto ule, ndani ya hifadhi, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi.

Hapo maswali yakazaliwa. Nani ameyamaliza maji? Wengine walisema ni wafugaji na makundi yao. Wengine walisema ni mashamba makubwa ya mpunga. Wengine walisema ni ukame tu. Mwezi wa Machi 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Bwana Frederick Sumaye, akiwa London, alitoa ahadi ya Serikali kwamba ifikapo mwaka 2010 mto utakuwa ukitiririka mwaka mzima. Ahadi yenye tarehe ni jambo jema, kwa kuwa yaweza kupimwa. Mwaka 2010 ukafika, ukapita, na mto ukakauka kiangazi kama ulivyozoea.

Katikati ya miaka hiyo mambo mazito yalitendeka. Mwaka 2006 wafugaji na ng'ombe wao walianza kuondolewa Usangu, na 2007 Rais akaunda tume ya kuchunguza jinsi kazi ile ilivyofanywa. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Namba 28, Hifadhi ya Ruaha ilipanuliwa ikaingiza sehemu kubwa ya Usangu, na vijiji kadhaa vya Mbarali vikajikuta katika ugomvi wa mpaka. Ugomvi huo uliulizwa na kujibiwa kwa miaka mingi, hata likatoka Tangazo jingine, Namba 754 la mwaka 2023. Ni miaka 15 kutoka tangazo moja hata la pili. Mtoto aliyezaliwa kijijini mwaka wa tangazo la kwanza alikuwa kijana wa sekondari lilipotoka la pili, naye katika muda huo wote wazazi wake hawakuwa na hakika kama shamba lao ni shamba au ni mbuga.

Na wakati huo huo wataalamu waliofanya uchunguzi katika bonde lile, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba maji ya kiangazi yalichukuliwa zaidi na mifereji ya mashamba kuliko na midomo ya ng'ombe. Tena kwamba upungufu wa maji Mtera ulitokana pia na jinsi mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa. Habari zilikuwako. Lakini habari iliyolala kabatini haimsaidii Waziri anayesimama kujibu, wala haimkingi mfugaji anayehamishwa. Twauliza sisi kwa sisi: katika miaka ile, ni afisa yupi wa wilaya aliyeombwa maelezo akaandika hesabu ya kila mfereji, mwezi kwa mwezi, kiasi kilichoingia na kiasi kilichorudi mtoni? Mahali palipokosa hesabu hiyo, kila mtu alijaza pengo kwa kumlaumu jirani yake. Na jirani asiye na mtetezi ndiye aliyelipa.

Sasa fuateni maji yale yanaposhuka, maana hadithi haikuishia Usangu. Mwaka 2006, baada ya ukame, bwawa la Mtera lilipungua sana, na nchi ikaingia katika mgawo wa umeme. Serikali ikatafuta kwa haraka mitambo ya dharura ya megawati 100, na mkataba ukapewa kampuni iliyoitwa Richmond. Mitambo haikufika kwa wakati. Maswali yakaanza Bungeni: kampuni hii ni ya nani, imefanya kazi gani kabla ya hii, na nani aliyeipitisha? Majibu hayakuwaridhisha Wabunge. Mwezi wa Novemba 2007 Bunge likaunda Kamati Teule, na mwenyekiti wake akawa Dakta Harrison Mwakyembe, Mbunge wa Kyela, katika Mkoa huu wa Mbeya. Kamati ikasoma mikataba na barua, ikawahoji mashahidi, wakiwamo watumishi wa Serikali, na mwezi wa Februari 2008 ikatoa taarifa yake, ikisema kwamba kampuni ile haikuwa na uwezo na kwamba ilipendelewa. Tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu, Bwana Edward Lowassa, akatangaza kujiuzulu. Yeye mwenyewe alilalamika kwamba Kamati haikumpa nafasi ya kujieleza. Mawaziri wawili, Bwana Nazir Karamagi na Dakta Ibrahim Msabaha, nao wakajiuzulu, na Baraza lote la Mawaziri likavunjwa.

Tazameni basi mnyororo ule. Ulianzia kwa maji yaliyokosekana Mtera, ukaishia kwa Waziri Mkuu kuondoka ofisini. Na katika kila pete ya mnyororo palikuwa na karatasi iliyoandikwa na mtumishi: kipimo cha maji, dokezo la ushauri, taarifa ya kuchunguza kampuni, rasimu ya mkataba. Swali likijibiwa vema likiwa dogo, hufa likiwa dogo. Swali likijibiwa kwa hila, hukua, likaota meno, likarudi na Kamati Teule. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Labda mtu atasema, hayo ni ya wakubwa, sisi twashughulika na zahanati na madaraja. Vema, na tuseme habari za zahanati. Tuseme Mbunge mmoja ameuliza ni lini zahanati ya kijiji fulani, iliyojengwa kwa nguvu za wananchi mpaka kimo cha linta, itamaliziwa na Serikali. Kuna namna tatu za kujibu ambazo sisi sote twazijua.

Ya kwanza ni kujibu kwa ukungu: Serikali yatambua umuhimu wa afya, na mchakato unaendelea kadiri fedha zitakavyopatikana. Jibu hili halina kosa la sarufi, wala halina habari ndani yake. Laweza kutumika kwa zahanati, kwa daraja, kwa kivuko, na kwa kisima, bila kubadili ila neno moja.

Ya pili ni kujibu kwa kupamba: zahanati imekamilika kwa sehemu kubwa na wananchi wanapata huduma. Hili ni la hatari, kwa kuwa mwandishi hakwenda kuitazama. Alipiga simu tu, na aliyepigiwa simu hakutaka lawama.

Ya tatu ni kujibu kwa mtu aliyekwenda au aliyeuliza mpaka akajua. Huyo huandika: kuta zilisimama mwezi fulani mwaka fulani, wananchi walichanga kiasi fulani, kilichobaki ni paa, madirisha na choo, gharama iliyokisiwa ni kiasi fulani, katika bajeti ya mwaka huu hakuna fungu, Halmashauri imeomba fungu la mwaka ujao kwa barua ya tarehe fulani, wagonjwa kwa sasa hutembea kilomita kadhaa mpaka kijiji cha pili. Jibu hili halimpendezi Waziri kwa utamu wake, kwa kuwa lakiri kwamba fedha hazipo. Lakini Waziri akilisoma, Mbunge hana la kuongeza ila kuuliza fungu litatoka lini, na hilo ndilo swali lifaalo kuulizwa. Na mama aliye kijijini, akisikia katika redio, atajua kwamba Serikali yaijua hali yake kama ilivyo. Kuna faraja katika kujulikana, hata kabla ya kusaidiwa.

Kwa hiyo twashauri mambo manne kwa wenzetu wote wanaoshika kalamu. La kwanza, kila maelezo ya swali yawe na tarehe, kiasi, mahali, na cheo cha mtu aliyethibitisha habari. La pili, kilichoonwa kiandikwe kama kilichoonwa, na kilichosikiwa kiandikwe kama kilichosikiwa, visichanganywe. La tatu, pamoja na jibu, yaandikwe maelezo ya maswali ya nyongeza ambayo yamkini yataulizwa, hata yale machungu. Kwa maana kumficha Waziri swali chungu ni sawa na kumtuma mtu katika giza bila kumwambia kuna shimo. La nne, ahadi ikisha kutolewa Bungeni, ifunguliwe jalada lake siku ile ile, na tarehe ya ahadi iandikwe juu ya jalada kwa wino. Wananchi wa Mbeya walingoja miaka mingi mpaka uwanja wa ndege wa Songwe ukaanza kutumika mwezi wa Desemba 2012, na wa Iringa walikula vumbi muda mrefu mpaka barabara ya kwenda Dodoma kwa njia ya Mtera ikazinduliwa kwa lami mwaka 2018. Kazi kubwa hukawia. Watu huvumilia kukawia wakielezwa sababu. Wasichovumilia ni kuambiwa kila mwaka maneno yale yale kama mara ya kwanza.

Twajua swali lililo katika nyoyo zenu, ingawa hamjalisema. Mkubwa wangu akiyakataa maelezo ya kweli je? Akiniambia badili tarakimu, nifanye nini, nami nina watoto na ada ya shule?

Hili ni swali la haki, wala hatutalijibu kwa ukungu tuliokwisha kuulaumu. Mtumishi wa Serikali si mwanasiasa. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, na wazee wengi walipaswa kuchagua kati ya mshahara na siasa. Siku hizi sheria nazo zatutaka tusiipendelee siasa ya upande wowote katika kazi, tena tusitoe nje siri za ofisi. Hatuwashauri mkavunje sheria hizo. Kutorosha karatasi usiku si kazi ya karani mwema. Lakini sheria hizo hizo hazimlazimishi mtu kutia sahihi uongo. Mkubwa akitaka maneno yabadilishwe, mwandikie dokezo kwa heshima: Bwana, habari nilizozipata kijijini ni hizi, chanzo chake ni hiki, ukiona vema yaandikwe mengine, naomba maelekezo yako katika jalada. Mara nyingi kalamu ya mkubwa itasita hapo. Isiposita, jalada litakuwa limehifadhi ukweli wako mpaka siku utakapoulizwa. Hatuwaahidi kwamba njia hii haina gharama. Mtu aweza kucheleweshwa cheo, aweza kuhamishwa akapelekwa mbali. Hapo ndipo chama kina kazi. Mwanachama aliyeandika kweli akateseka asiachwe peke yake kama mtu aliyeiba. Tumwulizie hali, tumsindikize kwa wakubwa kwa barua na kwa miguu. Chama kinachochanga kwa ajili ya misiba na harusi kisishindwe kuchanga ujasiri kidogo kwa ajili ya ukweli.

Kuna sababu ya mwisho inayoufanya wajibu wetu uwe mzito kuliko zamani. Kati ya 2010 na 2020 viti vya Mbeya Mjini na Iringa Mjini vilikuwa mikononi mwa wapinzani, Bwana Joseph Mbilinyi na Mchungaji Peter Msigwa, na Bungeni kulikuwa na upande mzima ambao kazi yake ilikuwa kutafuta tundu katika majibu ya Serikali. Tangu uchaguzi wa 2020, na tena baada ya ule wa 2025, wapinzani Bungeni wamekuwa wachache sana. Hatutaji haya kwa kukipenda chama hiki au kukichukia kile. Desturi ya chama chetu mwaijua. Twataja kwa kuwa ni jambo la hesabu. Muulizaji na mjibuji wakitoka katika nyumba moja, ni rahisi swali kuwa la upole na jibu kuridhiwa upesi. Katika hali kama hiyo, ukaguzi wa kwanza wa jibu hauwi Dodoma tena. Huwa mezani petu. Ikiwa hapatakuwa na Mbunge mkali wa kuuliza tarakimu hii imetoka wapi, basi na aiulize karani kabla hajaiandika.

Mabibi na Mabwana, Bwana Kayamba alipokwenda London mwaka 1931 aliulizwa na watu waliozoea kuuliza, naye alikuwa na dhamana ya nchi nzima katika majibu yake. Sisi hatuitwi London. Twaletewa karatasi moja tu, yenye swali la mistari mitatu, juu ya kisima, au mpaka wa shamba, au paa la zahanati. Lakini nyuma ya mistari mitatu ile wapo watu wanaongoja, na wengi wao hawatapata kuyajua majina yetu. Kesho asubuhi kuna ofisi hapa Mbeya na kuna ofisi kule Iringa ambamo swali la namna hiyo litawekwa mezani kwa mwanachama mmoja. Twamwomba huyo avute kiti, achukue kalamu, na kabla ya kuandika neno, apeleke mtu akatazame.

Kama kuna maswali, tupo tayari kuyajibu. Na yale ya nyongeza pia.